Taa ya Chumba cha Juu

Joka linaendelea kuchoma vijiji vya ufalme.
Liendelee. Usiku huu nina kazi ya pembeni:
muuza dawa wa sokoni amenipa ufunguo wenye kutu,
akaninong'oneza kwamba jumba la kilimani
hakuna aliyeliingia akatoka na akili zake.
Malipo: sarafu thelathini na kijiko.
Kijiko! Nani atakataa?

Nimekaa kibandani pangu, Kibosho,
simu imeegemea chupa ya chai,
mbwa Kanali amelalia buti langu.
Kule chini mji wa Moshi unameta kama makaa yaliyopulizwa.
Nyuma yangu jumba la Bwana Lyaruu:
ghorofa mbili, nguzo nne, vyumba tisa,
na hakuna hata wa kukohoa.
Watakuja Desemba, magari kumi na moja,
watoto watauliza choo kiko wapi,
mbuzi watakwisha,
na tarehe mbili Januari nitabaki nafagia vizibo.

Naingia. (Kwenye gemu. Bado nina akili zangu.)
Popo sebuleni. Ngazi inalia kila ninapokanyaga.
Panya wenye mikuki, nawafyeka.
Kisha anashuka yeye, bibi mweupe asiye na miguu,
nampiga upanga mara kumi na nne,
upanga unapita kama kwenye moshi,
moshi wa kuni, si mji.
Nakufa. Naanza upya. Nakufa.
Mara ya tano, kwa uchovu tu,
nikaurudisha upanga alani,
naye akasimama.
Maandishi yakatokea, nikayafuata kwa kidole,
Kizungu changu ni cha kuazima:
*Walinijengea nyumba, wakasahau kuniwashia taa.*

Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo.
Taa saba. Mafuta yako stoo, nyuma ya jeneza.
Nikawasha moja, nikawasha nyingine,
ya saba ilipowaka bibi akavuta kiti,
akaketi, akaanza kufuma soksi.
Kengele ikalia: umemaliza.
Kijiko kikaingia mkobani.
Nikakikagua. Hakiongezi nguvu, hakiongezi uhai.
Kimeandikwa tu: *kilikuwa chake*.

Kanali akainua sikio moja.

Migombani kuna kaburi la marumaru,
Bibi Ndeanasia, mama yake bosi.
Jumba lilikuwa lake. Alifariki
vigae vikiwa bado bandarini.
Mimi nilimkuta, nilipokuja kulinda mifuko ya saruji;
aliniletea ndizi za kuchoma kwenye jani,
akaitazama ile misingi, akaniuliza:
"Nyumba kubwa hivi, mwanangu wa Upareni,
nitamsikia nani akikohoa?"
Chumba chake kipo juu, kinatazama mlima.
Kitanda bado kimevaa nailoni.

Luku: uniti nne nukta mbili.
Amri ya bosi: taa ya geti, basi.

Nikapanda. Ngazi hizi hazilii, ni zege.
Nikabonyeza swichi.
Hakuna kengele. Hakuna sarafu.
Mwanga ulianguka tu dirishani mpaka migombani,
majani yakawa kijani saa nane ya usiku,
na marumaru ikapata kivuli,
kitu ambacho usiku haikuwahi kuwa nacho.
Nikashuka, nikanywa chai iliyopoa.

Alfajiri ujumbe ukaingia kutoka Dar:
*Jirani kanipigia. Nani kawasha taa juu?*
Nikaandika: Hitilafu, bosi. Nikafuta.
Nikaandika: Panya. Nikafuta.
Mwisho nikamtumia hivi:
*Uniti zimeisha. Mama anakusalimu.*

Vile vitiki viwili vimegeuka bluu.
Hajajibu.
Joka nalo linangoja, na chaji ni asilimia sita.